Jagadish Bose: Mwalimu Aliyepenyeza Mawimbi Ukutani

Katika nyumba nyingi za mijini, na siku hizi hata vijijini, kisanduku kidogo chenye vitaa vinavyometameta kimejipatia nafasi yake karibu na televisheni. Ndicho tukiitacho ruta, kipokeacho intaneti kutoka nje na kuigawa ndani ya nyumba bila waya. Mama hupiga hesabu za duka lake sebuleni, baba husoma habari jikoni, naye mwana hudurusu masomo chumbani. Ikitokea kwamba chumba cha nyuma hakipati chochote, lawama huiangukia kampuni, na aghalabu mwenye nyumba hukimbilia dukani kununua kisanduku cha pili. Ni wachache wanaojiuliza mawimbi hayo ni kitu gani, hupitaje ukutani, na ni akina nani waliotangulia kuyapitisha humo.

Nakusudia leo kusimulia maisha ya mmoja wa watangulizi hao, Jagadish Chandra Bose wa Bengal. Namchagua kwa sababu alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kwa sababu alifanya kazi yake chini ya utawala wa kikoloni uliomkadiria kwa rangi ya ngozi yake. Walimu na wanafunzi wa Kenya wana mengi ya kujifunza kwake.

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858, katika sehemu ya Bengal ambayo leo imo nchini Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheo, na wenziwe wa tabaka lile walikuwa wakishindana kuwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza. Yeye alikataa. Alimpeleka mwanawe katika shule iliyofundisha kwa Kibengali, akiamini kwamba mtoto hana budi kuijua lugha yake na watu wake kabla ya kujifunza lugha ya mtawala. Humo Jagadish aliketi pamoja na mtoto wa mvuvi na mtoto wa mtumishi wa Kiislamu wa babake, akasikiliza habari zao za samaki, ndege na wanyama wa majini. Mapenzi yake ya kuchunguza viumbe yalianzia hapo. Wale wetu wanaodhani kwamba sayansi haiwezi kuingia kichwani ila kwa mlango wa Kiingereza, na walizingatie jambo hilo.

Baadaye alisoma katika Chuo cha St. Xavier's mjini Calcutta, ambako padri Eugène Lafont alimfundisha fizikia kwa majaribio yaliyoonekana kwa macho. Mwaka 1880 alisafiri hadi London kusomea udaktari. Homa zilimwandama, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ikamzidishia ugonjwa, hata akaiacha azma hiyo na kuhamia Cambridge kusoma sayansi ya maumbile. Huko alikuwa mwanafunzi wa Lord Rayleigh, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama zile. Alihitimu mwaka 1884, akarejea nyumbani.

Mwaka 1885 aliteuliwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency mjini Calcutta, na hapo ndipo alipokutana na dhuluma. Mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili tu za mshahara wa mwenzake Mzungu. Kwa kuwa Bose alipewa kazi ya muda, alikatwa tena nusu ya kile kilichosalia. Kwa hiyo mtu aliyefundisha somo lile lile, katika chuo kile kile, akiwa na shahada ya Cambridge, alitakiwa apokee theluthi moja ya ujira wa mwenzake.

Bose hakuandamana wala hakuacha kazi. Aliukataa mshahara wote. Kwa muda wa miaka mitatu alifundisha kila siku bila kugusa hata senti moja, ilhali familia yake ilikuwa na madeni ya baba na yeye mwenyewe alikuwa ameoa mwaka 1887. Wakuu wa chuo waliona kwamba mtu yule hakufundisha kwa hamaki wala kwa uzembe, na kwamba wanafunzi walimpenda. Mwishowe walikubali kumpa kazi ya kudumu, wakamlipa malimbikizo yake yote kwa kiwango kamili. Fedha hizo alizitumia kulipa madeni ya baba yake.

Sitaki kisa hiki kigeuzwe kiboko cha kuwachapia walimu wetu. Nawajua wakubwa ambao wangependa kukisoma hivyo: kwamba mwalimu mwema ni yule anayefundisha bila kudai. Tafsiri hiyo ni potofu. Bose alidai, tena alidai kwa ukaidi wa miaka mitatu, na alichodai hasa kilikuwa heshima iliyo sawa kwa kazi iliyo sawa. Nasi tunaokumbuka kwamba katika Kenya ya ukoloni watumishi wa serikali walilipwa kwa kufuata rangi hatuna haja ya kufafanuliwa uchungu wake. Njia aliyoichagua ilimfaa yeye na mazingira yake. Walimu wa Kenya waliogoma mwaka 1997 walikuwa na yao. Kinachowaunganisha ni kukataa kukadiriwa chini ya thamani ya kazi yao.

Sasa tuyatazame mawimbi. Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa ameonyesha kwa hesabu, katika maandishi yake ya mwaka 1865, kwamba umeme na sumaku huweza kusafiri pamoja kama wimbi, na kwamba nuru yenyewe ni wimbi la namna hiyo. Mjerumani Heinrich Hertz aliyathibitisha hayo maabarani kufikia mwaka 1888, akafariki mwaka 1894 akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka huo huo Bose naye alitimiza miaka 36, akaamua kuyashughulikia mawimbi hayo. Hertz alikuwa ametumia mawimbi marefu, ambayo ni vigumu kuyapima ndani ya chumba kidogo. Bose aliyafupisha mpaka yakawa na urefu wa milimita chache tu, akayachunguza juu ya meza.

Chuo hakikuwa na maabara ya kazi hiyo. Alijitengea kichumba kidogo, akamfunza fundi wa bati kumtengenezea vyombo. Alipohitaji kifaa cha kuchuja mawimbi kwa mwelekeo mmoja, alichukua kitabu cha ratiba za garimoshi, akatia karatasi za bati katikati ya kurasa zake, na kitabu kikafanya kazi hiyo barabara. Alipotaka kuonyesha jinsi mwelekeo wa wimbi unavyoweza kuzungushwa, alisokota nyuzi za juti, zile zile zinazofumiwa magunia. Mwalimu anayelalamika kwamba hana vifaa ana haki ya kulalamika. Lakini na akumbuke kwamba fizikia ya hali ya juu iliwahi kufanywa kwa kitabu cha ratiba na uzi wa gunia.

Mwaka 1895, katika ukumbi wa mji wa Calcutta, Bose alilifanya jambo hilo mbele ya umma. Alirusha mawimbi yaliyopenya kuta na kukifikia chumba kingine, umbali wa mita zipatazo 23, yakapiga kengele na kuwasha baruti bila waya wowote kuunganisha huku na huko. Januari mwaka 1897 aliyaeleza majaribio yake mbele ya wataalamu wa Royal Institution mjini London. Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimekwisha kumtunuku shahada ya udaktari wa sayansi.

Hapa ndipo pana mjadala ambao haujaisha. Mwaka 1899 Bose alitangaza kipokezi chake kilichotumia chuma na zebaki. Desemba 1901 Guglielmo Marconi alipokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki kwa kipokezi cha zebaki, na wapo watafiti wanaoshikilia kwamba asili ya chombo hicho ni kazi ya Bose. Kwa maoni yangu, hatuhitaji kumvua Marconi kanzu ili kumvika Bose. Marconi alitaka kupeleka habari mbali na kufanya biashara, akafaulu. Bose alitaka kujua tabia ya mawimbi, naye akafaulu. Tofauti yao kubwa iko katika hataza. Marconi alijikatia hataza mapema na kuzilinda. Bose aliamini kwamba maarifa ni mali ya wote. Marafiki zake walimsihi sana hata akakubali kupata hataza moja ya Marekani, mwaka 1904, kwa kipokezi kilichotumia jiwe la galena. Hakushughulika nayo tena, ikapitwa na muda wake.

Naustahi ukarimu huo, lakini sipendi tuuige bila kufikiri. Maarifa yaliyoachwa wazi na mnyonge huokotwa na mwenye nguvu, kisha mnyonge huuziwa. Mwanafunzi wetu anayebuni kitu na akiandike, akitie tarehe, na akilinde. Akishakilinda, ana hiari ya kukigawa bure. Anayegawa chake ni mkarimu, lakini asiyejua kwamba ni chake huporwa tu.

Turejee basi kwenye kisanduku cha sebuleni, kwani aliyoyachunguza Bose ndiyo yanayokitawala. Mawimbi ya waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Yale ya gigahezi 5 yana sentimita kama sita. Mafupi hubeba habari nyingi zaidi, lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Vyombo vya Bose vilifika gigahezi 60, na siku hizi masafa hayo hutumika kwa mawasiliano ya kasi kubwa mno ndani ya chumba kimoja.

Bose alionyesha kwamba bati huyarudisha mawimbi haya kama kioo kirudishavyo nuru, na kwamba vitu vingine huyameza. Basi anayeficha ruta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chuma au kando ya tangi la maji, ameifunga mdomo yeye mwenyewe. Iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene. Kila ukuta hutoza ushuru wake, na wimbi linalopita kuta tatu hufika likiwa hoi. Tanuri la maikrowevu nalo hutumia masafa ya gigahezi 2.4, hivyo si jirani mwema. Panapo majirani wengi wenye ruta, mikondo ya 1, 6 na 11 ndiyo isiyoingiliana katika masafa hayo.

Nyumba ikiwa kubwa, chombo cha pili kina maana, lakini kiwekwe pahali pake. Wengi hukiweka ndani ya chumba kile kile kisichopata mawimbi. Chombo kisichosikia kitarudia nini? Kiwekwe katikati ya njia, pale ambapo sauti ya kwanza bado ina nguvu. Tena kifahamike vyema: chombo kinachosikiliza na kurudia katika mkondo ule ule hupunguza kasi hata kukaribia nusu, kwa maana hakiwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Mwenye uwezo na avute waya kutoka ruta ya kwanza hadi chombo cha pili, na mawimbi yaanzie upya hapo.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuyafundisha haya yote kwa simu moja na karatasi ya alumini. Simu ikifungwa humo, wanafunzi wataona mawimbi yakififia au yakikatika kabisa, na watajua kwamba Bose hakusema uongo.

Maisha yake yaliyobaki nayapitia kwa haraka. Aligeukia uchunguzi wa mimea, akabuni vyombo vya kupima ukuaji wake kwa vipimo vidogo mno, na baadhi ya madai yake huko yalipingwa na wataalamu wenziwe. Mwaka 1917 alitunukiwa cheo cha Sir, na tarehe 30 Novemba mwaka huo, siku yake ya kuzaliwa, alifungua taasisi ya utafiti mjini Calcutta ambayo ingalipo hadi leo. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mwaka 1921 alichapisha Abyakta, mkusanyo wa maandishi yake ya sayansi kwa Kibengali, lugha aliyofundishiwa utotoni. Alifariki tarehe 23 Novemba 1937, miezi minne baada ya Marconi. Ilipofika mwaka 2012, chama cha wahandisi cha IEEE kiliyatambua rasmi majaribio yake kuwa hatua kubwa katika historia ya mawasiliano.

Sisi nasi tunanunua visanduku, tunavichomeka na kuvilaumu. Mtoto anayejua jina la kampuni iliyokiuza na asijue wimbi ni nini amefundishwa kuwa mnunuzi tu. Baba wa Bose alianza kwa kumpa mwanawe elimu katika lugha aliyoielewa, na matunda yake yakapenya kuta za Calcutta. Maneno ya kuieleza fizikia hii kwa Kiswahili tunayo. Kilichobaki ni walimu wayatumie darasani, na wakubwa wa elimu waache kuwazuia.