Edward Steere: Askofu aliyetuhifadhia kisa cha kima na papa

Mtoto wa Buhemba akishika simu ya mzazi anaweza kukutana na katuni ya nyani na mamba. Kisa hicho kimo katika hadithi za Jataka za India, ambazo Wabudha wamezitumia kwa zaidi ya miaka 2,000 kufundisha hekima, utulivu na ubaya wa tamaa. Wanaamini nyani yule alikuwa Buddha mwenyewe katika maisha yaliyotangulia.

Kiswahili nacho kina kisa hicho, na aliyekiweka kwenye maandishi ni Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akawa wakili, kisha akaacha kazi hiyo na kuwa padri wa Kianglikana. Mwaka 1864 alifika Unguja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi, na miongoni mwa wanafunzi wa misheni walikuwamo watoto waliookolewa utumwani.

Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akawa anaandika hadithi walizomsimulia. Mwaka 1870 kilitoka kitabu chake cha hadithi hizo, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili.

Humo mamba amekuwa papa. Kima anakula kuyu juu ya mkuyu ufukweni na kumrushia rafiki yake papa. Siku moja papa anambeba mgongoni amtembeze kwao. Katikati ya bahari anamwambia sultani wao ni mgonjwa, na dawa ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anasema kima wakitembea huacha mioyo yao mtini, basi warudi wakauchukue. Akishapanda mti, hashuki tena.

Steere alikuwa mhubiri, lakini kisa hiki hakukigeuza mahubiri ya dini yake. Ndiyo maana hadi leo kinamfaa mtoto wa dini yoyote.

Alifanywa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Alifariki Unguja mwaka 1882, akazikwa humo.

Kwa wazazi wa Buhemba tunasema hivi: katuni ikiisha, muulizeni mtoto nini kilimwokoa kima, na papa alipoteza nini. Simu haitamwuliza.