Larbi Ben M'hidi Hakujiua

Juzi baada ya sala ya Isha niliketi na wanangu kuitazama filamu ya Vita vya Algiers, iliyotengenezwa na Mtaliano Gillo Pontecorvo mwaka 1966. Mdogo wao akaniuliza kama yule bwana aliyefungwa pingu mbele ya waandishi wa habari, kisha ikatangazwa kuwa amejiua, alikuwa mtu wa kweli. Swali lile lilinichoma, maana Mwislamu kusingiziwa kujiua si jambo dogo.

Naam, alikuwa mtu wa kweli. Larbi Ben M'hidi alizaliwa mwaka 1923 karibu na Aïn M'lila, mashariki ya Algeria. Tarehe 8 Mei, 1945, wakati dunia ikishangilia kushindwa kwa Hitler, Waalgeria wa mji wa Sétif waliandamana na bendera yao. Polisi wakawapiga risasi, na mauaji yakaenea vijijini. Mwaka huo Ben M'hidi naye alitiwa ndani. Alipotoka, akashika njia ya mapambano, na mwaka 1954 akawa mmoja wa viongozi sita walioasisi FLN.

Januari 1957 askari wa miavuli wa Jenerali Massu walipewa madaraka ya polisi mjini Algiers. Wananchi walipogoma siku nane, askari wale walivunja milango ya maduka. Nyumba za Kasba zilipekuliwa usiku, watu wakateswa kwa umeme na maji, na wengi hawakuonekana tena. Wapiganaji nao walitega mabomu mikahawani yakaua raia; filamu haikuficha hilo.

Ben M'hidi alikamatwa tarehe 23 Februari. Mapema mwezi Machi Wafaransa wakatangaza kuwa amejinyonga. Alikuwa hajatimiza hata miaka 35.

Uongo huo ulidumu miaka mingi, jamaa zake wakiukataa. Mwaka 2001 Jenerali Aussaresses akaandika kitabuni kuwa ni yeye na watu wake waliomnyonga. Na tarehe 1 Novemba, 2024, Rais Macron akakiri kwa niaba ya Ufaransa kwamba aliuawa na askari wake.

Basi nikamwambia mwanangu: marehemu hakujitoa roho, alidhulumiwa roho yake. Aliyemuua hakutosheka na mwili, akataka na jina lake pia. Mwili aliupata, jina, alhamdulillahi, limerudi kwa wenyewe. Mwenyezi Mungu amrehemu.