Edsger Dijkstra na Amri ya Goto

Mitaa ya Muthurwa na Makongeni, katika Eastlands jijini Nairobi, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Wafanyakazi hao waliifahamu vyema kanuni hii: treni mbili haziingii kwa wakati mmoja katika kipande kimoja cha njia; ishara huizuia ya pili hadi ya kwanza itoke. Katika miaka ya 1960, Edsger Wybe Dijkstra aliichukua kanuni hiyo na kuitumia ndani ya tarakilishi, ili shughuli mbili zisigongane. Chombo hicho alikiita semafo, jina lililotokana na ishara za reli.

Dijkstra alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, tarehe 11 Mei 1930. Babake alikuwa mwanakemia na mamake mwanahisabati. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden, na mwaka 1952 akaanza kuandika programu jijini Amsterdam. Alipofunga ndoa mwaka 1957, maafisa walikataa kuisajili kazi yake kwa kuwa haikutambuliwa. Akaandikwa kuwa mwanafizikia. Mwaka 1962 alikuwa profesa wa hisabati mjini Eindhoven.

Machi 1968 ilichapishwa barua yake ya kupinga goto, amri inayoiagiza tarakilishi iuache mstari iliopo na kurukia mwingine wowote. Hoja yake ilimhusu msomaji. Akili ya binadamu, alishikilia, hufuata kwa urahisi mpangilio uliotulia kuliko mwendo unaobadilika. Kwa hivyo mpangilio wa maandishi ya programu ushabihiane na mwendo wa utekelezaji wake. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Turing. Hata hivyo, mwaka 1974 Donald Knuth alionyesha kwamba zipo hali ambapo goto inafaa.

Je, katika udhibiti wa mashine? Tutazame viwanda vya Industrial Area, vinavyopakana na Eastlands. Kidhibiti cha mashine husoma vitambuzi, hutekeleza programu kutoka juu hadi chini, huamuru mota, kisha huanza upya, mara nyingi kwa sekunde moja. Amri ya kuruka ikiupita mstari unaoiamuru mota, kwa kawaida mota hubaki katika hali iliyokuwamo. Ikiwa ilikuwa inazunguka, huenda ikaendelea kuzunguka ilhali mwendeshaji amekwisha kubonyeza swichi ya kuizima. Mruko wa kurudi nyuma nao waweza kuunasa mzunguko mzima. Ndiyo maana swichi ya dharura haifai kutegemea programu pekee.

Kwa maoni yetu, goto inaweza kuvumiliwa pale tu inaporuka mbele, na hali ya kila mota katika sehemu iliyorukwa imekwisha kuamuliwa waziwazi. Kinyume cha hayo, ni hatari kwa mikono ya wafanyakazi.

Dijkstra alifariki Nuenen, Uholanzi, tarehe 6 Agosti 2002, akiwa ameacha makala zaidi ya 1,300, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Aliamini kuwa mwanaprogramu bora huhitaji, pamoja na hisabati, umilisi wa hali ya juu wa lugha yake ya kwanza. Wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili wana nafasi yao hapa: fundi anayeitwa usiku kuirekebisha mashine husoma maandishi ya mtu asiyekuwepo, na usalama wake hutegemea uwazi wa maandishi hayo.