Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Ukisimama Mpala, penye ukingo wa Ziwa Tanganyika, na kutazama upande wa mapambazuko, ng'ambo yako ndiko Karema. Huko aliishi Adrian Atiman, mganga na katekista, kwa muda wa miaka 67.

Hakuzaliwa huko. Alizaliwa kadiri ya mwaka 1866, mbali sana, kando ya mto Niger karibu na mji wa Timbuktu. Alipokuwa mtoto mdogo alikamatwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa. Katika nchi ya Algeria, Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamtia shuleni. Akabatizwa, akaitwa Adrian.

Wakati huo Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri moja. Aliona kwamba mganga Mzungu, hata akiwa na moyo mwema, hubaki mgeni. Alitaka waganga wa Afrika wawe Waafrika, wale chakula cha wenyeji, waoe na kukaa kati yao. Basi mwaka 1881 Atiman na wenzake walipelekwa kisiwa cha Malta, wakasomea uganga katika Chuo Kikuu. Mwaka 1888 akaanza safari ya Afrika Mashariki, na baada ya mwendo mrefu wa miguu kutoka pwani alifika Karema mwaka 1889.

Shauri la Kardinali lilikuwa zuri, lakini Atiman naye alikuwa mgeni. Rangi yake ilikuwa kama ya wenyeji, ila hakuwa na mjomba wala shangazi katika nchi ile. Na huko ugonjwa haukuwa jambo la mgonjwa peke yake. Mtu akiugua, ndugu zake walikaa kufanya shauri. Nani ana kinyongo naye? Mizimu imekasirika? Au yuko mchawi? Dawa ya mtu asiyejulikana kwao iliogopwa kama sumu. Je, ungempa mtoto wako dawa ya mtu usiyejua alikotoka?

Atiman akamwoa Agnes Wansahira. Kwa ndoa hiyo alipata wakwe na mashemeji, na mganga mgeni akawa mtu wa watu. Tena alifanya jambo ambalo wasomi wengi huona haya kulifanya: alijifunza kwa waganga wa kienyeji. Miti, mizizi na majani waliyoyajua wao yeye hakuyakuta Malta. Na dawa za Ulaya zilikuwa chache. Zilibebwa vichwani na wapagazi safari ya miezi, maana reli haikufika Kigoma mpaka mwaka 1914. Mitishamba iliyoponya aliitumia pamoja na dawa zake. Kupiga ramli ili kumtafuta mchawi hakukubali, kwa kuwa ramli haiponyi homa, bali huwagombanisha ndugu na majirani.

Alitibu homa na vidonda, alipasua penye haja ya kupasua. Alikuwa pia katekista, hivyo kazi yake haikwisha dawa iliponywewa. Alifundisha dini, alisali na wagonjwa, na waliokuwa wakifa hakuwaacha peke yao. Wajerumani waliitawala nchi ile, wakaondoka, Waingereza wakaja, Atiman alikuwa yupo bado, na watu waliowahi kutibiwa naye utotoni walimletea watoto wao.

Mwanawe Joseph alipata upadre mwaka 1923. Babaye aliyewahi kuuzwa kama mbuzi, sasa alipokea Komunyo katika mikono ya mtoto wake mwenyewe.

Katika uzee wake alipewa nishani za heshima. Hakuhama Karema. Alifariki huko tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na miaka kama 90, akazikwa katika nchi ya wakwe zake.