Thomas Chalmers na Siku ya Kutoka

Thomas Chalmers alizaliwa mwaka wa 1780 huko Anstruther, mji mdogo wa pwani katika nchi ya Uskoti. Alikuwa mtoto wa sita katika watoto 14 wa mfanyabiashara mmoja.

Mwaka wa 1803 alipewa uchungaji katika kijiji cha Kilmany. Lakini siku zile moyo wake ulipenda hesabu kuliko kazi ya Mungu. Alikuwa akienda kufundisha hesabu mjini St Andrews, na watu wake hawakumwona sana ila Jumapili. Kisha akaugua kwa muda mrefu, na kitandani akatambua kwamba alikuwa mchungaji kwa jina tu. Alipopona alikuwa mtu mwingine. Baadaye katika mji wa Glasgow alitunza mtaa wa watu kama 10,000, wengi wao maskini. Akaugawa sehemu 25 ili pasiwe na nyumba isiyojulikana. Tangu 1828 alikuwa mwalimu wa elimu ya dini katika chuo cha Edinburgh.

Kanisa la Uskoti lililindwa na serikali, na Chalmers alipendezwa na jambo hilo. Mwaka wa 1838 alikwenda hata London kulitetea. Lakini palikuwa na neno moja lililomchoma. Kwa sheria ya zamani, mara nyingi bwana mwenye mashamba ndiye aliyemchagua mchungaji, wapende watu wasipende. Mwaka wa 1834 Mkutano Mkuu wa Kanisa uliamuru kwamba wengi wa wakuu wa nyumba wakimkataa mtu, asiwekwe. Mwaka uleule, huko Auchterarder, mtu mmoja aliletwa na bwana wa mahali. Waliotia sahihi kumkubali walikuwa wawili tu, na waliomkataa walikuwa 287. Akaenda mahakamani, akashinda. Na mwaka wa 1839 wakuu wa hukumu huko London wakaithibitisha hukumu hiyo.

Mtu wa hasira angalitoka siku ile. Chalmers hakutoka. Alitumaini kwamba Bunge litaigeuza sheria, na tena aliwafikiri wachungaji wa mashamba, ambao wakitoka hawana nyumba wala mshahara, na watoto wao wangali wadogo. Basi Kanisa likapeleka maombi yake. Mwezi wa Novemba 1842 wachungaji wengi walikutana Edinburgh, na Chalmers akawaeleza shauri lake: kila mtu, hata maskini, atoe peni moja kwa juma, fedha zote ziwekwe pamoja, na wachungaji wote wagawiwe sawasawa. Hivyo njia ilitengenezwa kabla ya safari. Mwanzo wa 1843 serikali ilikataa, na Bunge pia.

Tarehe 18 Mei 1843 Mkutano Mkuu ulikusanyika Edinburgh, katika kanisa la Mt. Andrea. Mwenyekiti, Dakta Welsh, alisoma maneno ya kulalamika, akayaweka mezani, akamwinamia mjumbe wa Malkia, akaelekea mlangoni. Chalmers alikuwa amesimama karibu, kama mtu aliyechukuliwa na mawazo. Mara akashika kofia yake, akamfuata. Safu kwa safu wakainuka, wakateremka kwa miguu mpaka jumba la Tanfield kati ya makundi ya watu waliokuja kutazama. Wengi mjini walidhani watatoka wachache tu. Lakini wachungaji walioacha vyeo vyao walifika 474, zaidi ya theluthi moja ya wote. Chalmers, mwenye miaka 63, akachaguliwa kuwa mwenyekiti wao. Naye pia alipoteza kazi yake ya ualimu.

Mateso hayakukosa. Mabwana wengine walikataa kuwapa kiwanja, watu wakasali mahemani na ghalani. Huko Strontian walinunua kanisa la chuma lililoelea juu ya maji, kwa kuwa nchi kavu hawakupewa mahali. Lakini zile peni ziliendelea kuletwa juma kwa juma, na wachungaji hawakufa njaa.

Chalmers alilala usiku wa tarehe 30 Mei 1847, na asubuhi akakutwa amekufa kitandani mwake. Sheria ile ya mabwana ilifutwa mwaka wa 1874. Na mwaka wa 1929 sehemu kubwa ya waliotoka na ya waliobaki ziliungana tena, katika mji uleule wa Edinburgh.