Eddie Aikau: 'Kipa' wa Waimea aliyemezwa na bahari

LIGI ikipanga mechi Jumapili saa 10 jioni, mechi inapigwa. Mvua inyeshe, uwanja ujae madimbwi, refa akiridhika tu mpira unawekwa kati. Huko Hawaii, Marekani, kuna shindano ambalo halina tarehe. Wachezaji wanaalikwa, wanasubiri karibu msimu mzima wa baridi, na miaka mingi msimu unaisha hakuna hata aliyeloa. Tangu lianze miaka ya 1980 limefanyika mara chache mno, hazijafika 15. Linaitwa The Eddie, na mwenye jina hajaonekana tangu Machi 1978.

Edward Ryon Aikau alizaliwa Mei 4, 1946, kisiwa cha Maui. Familia ikahamia Oahu, dogo akaacha shule mapema na kupata kibarua kwenye kiwanda cha mananasi. Akitoka kazini ni baharini na ubao wake. Novemba 1967, akiwa na miaka 21 tu, aliingia ghuba ya Waimea siku ambayo wakongwe wengi walibaki mchangani, akateleza kwenye mawimbi makubwa kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Kama ilivyo kwa straika kutoka timu ya vijana anayepiga hat-trick kwenye mechi ya watani, hakuna aliyemuuliza tena anatoka wapi.

Sasa Waimea si sehemu ya kujifunzia. Siku za kawaida maji yametulia, watoto wanaogelea. Wimbi lake linaamka pale tu bahari ya mbali ikichafuka, linapiga kwenye mwamba pembeni ya rasi na kuvunjika kuelekea kulia. Mchezaji anashuka akitafuta katikati ya ghuba, kwenye kina, ndiyo salama yake. Likizidi kipimo, ghuba yote inafunga kwa mpigo, kushoto na kulia, na hapo hakuna mlango. Mwaka 1943 kijana mmoja alipotelea hapo, na baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka 10 kabla watu hawajarudi kuyacheza mawimbi yake.

Mawimbi hayo hayatengenezwi Hawaii. Yanazaliwa na dhoruba za Pasifiki ya Kaskazini, kilomita elfu mbili na zaidi kutoka hapo. Wataalamu wanaangalia sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Zikiwa 20, kundi la mawimbi linatembea kama kilomita 55 kwa saa, maana yake dhoruba ya umbali wa kilomita 2,000 inabisha hodi baada ya siku moja na nusu. Zikiwa 10, mwendo ni nusu yake na nguvu imepungua. Halafu kuna mwelekeo, na upepo. Upepo ukitoka nchi kavu wimbi linasimama safi, ukitoka baharini linakuwa vurugu tupu.

Leo kazi hiyo inafanywa na maboya ya vipimo, satelaiti na kompyuta. Eddie alikuwa na macho. Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa mwokoaji wa ufukwe wa kaskazini wa Oahu, na baadaye Waimea ikawa lango lake. Hakukuwa na pikipiki za majini. Alihesabu mawimbi, akasubiri mapumziko kati ya kundi na kundi, kisha akaingia na ubao kumfuata mtu. Aliokoa mamia, na inaelezwa kwamba chini ya ulinzi wake hakuna aliyekufa Waimea. Tafuta kipa mwenye rekodi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kushindana Durban, Afrika Kusini. Wimbi halikumbagua, hoteli ilimbagua. Ilikuwa enzi ya ubaguzi wa rangi na ngozi yake haikuwa nyeupe, akakataliwa chumba. Familia ya Shaun Tomson, kijana aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1977, ikampokea nyumbani kwao. Mwaka huohuo wa 1977 Eddie naye alitwaa taji alilolisaka kwa muda mrefu, la mashindano ya Duke Kahanamoku.

Miezi michache baadaye akachaguliwa kuwa baharia wa Hokulea, chombo cha tanga cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, kuelekea Tahiti bila dira, kwa kufuata nyota kama mababu. Machi 16, 1978 upepo ulikuwa mkali na bahari imechafuka. Lakini watu walishajaa ufukweni kuaga. Mtu angeweza kuahirisha safari hiyo, haikuahirishwa. Usiku wa manane, kwenye mlango bahari wa Molokai, chombo kikajaa maji na kupinduka.

Kulipokucha walikuwa wameshikilia mgongo wa mtumbwi, ndege zinapita bila kuwaona. Eddie akaomba aende na ubao kutafuta msaada kisiwa cha Lanai. Alipiga makasia kwa mikono, mbele kidogo akavua jaketi la kuokolea lililokuwa likimbana, akaendelea. Alikuwa na miaka 31. Usiku huo ndege ya abiria iliona fataki za dharura, wenzake wakaokolewa. Yeye alitafutwa siku kadhaa, angani na majini, bila mafanikio.

Shindano lake linahitaji mawimbi yenye uso wa takriban mita 12, na yadumu mchana kutwa. Mdogo wake, Clyde, ndiye aliyeshinda mara ya kwanza lilipochezwa Waimea. Januari 22, 2023 alishinda Luke Shepardson, mwokoaji wa ufukwe huohuo, ambaye siku hiyo alikuwa zamu. Aliteleza wakati wa mapumziko, kisha akarudi kazini.