Festo Kivengere: Askofu Aliyeuzima Moto wa Kifuani

Mwezi wa Mei mwaka 1988 nilikuwa nimepanga chumba Makina, Kibera, katika nyumba ya mama mmoja wa Kinubi ambaye sote tulimwita Haboba, yaani bibi kwa lugha yao. Idi ilikuwa ndiyo kwanza imepita. Mimi, mtoto wa Mombasa niliyelelewa kati ya chuo na msikiti, sikufunga hata siku moja ya Ramadhani ile. Nilikuwa mlevi wa chang'aa.

Mlango wa pili aliishi mzee mmoja wa Kigezi, Uganda, Mkristo aliyeingia Kenya mkimbizi mwaka 1977. Jioni hiyo alikuwa akisikiliza taarifa ya habari. Mara akaizima redio, akatoka nje, akaketi juu ya kigoda na kujifunika uso kwa viganja. Haboba, aliyekuwa akipita na sahani ya chakula, akamwuliza ni nani aliyefariki. Mzee akajibu kwamba ni askofu wake, Festo Kivengere, aliyefia hapa hapa Nairobi kwa saratani ya damu. Haboba akampa pole, akaiweka sahani mbele yake, akaketi naye.

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jina hilo. Wakristo wa bara wanalijua sana, lakini sisi wa pwani tunaolijua ni wachache. Leo ningependa kuwasimulia, wasomaji wapenzi, maisha ya mtu huyo. Sina nia ya kumwita mtu katika dini nyingine. Mimi ni Mwislamu na nitakufa Mwislamu inshallah. Nia yangu ni kulipa deni, kwani kisa chake ndicho kilichonifundisha jambo ambalo kama nisingelijua, ningelikuwa kaburini zamani.

MWALIMU MLEVI

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, kusini magharibi ya Uganda, katika watu wa Bahororo ambao mali yao ni ng'ombe. Utotoni alichunga mifugo. Alipokuwa kijana mdogo dini ya Kikristo ikafika kijijini kwao, naye akaingia shule, akaendelea hata akasomea ualimu katika chuo cha Mukono. Karibu na mwaka 1940 alirudi kwao kufundisha.

Alirudi na vyeti, lakini moyo ulikuwa mtupu. Dini aliiona ni jambo la wazee na watoto. Alikuwa na chuki nyingi, hasa dhidi ya Wazungu waliokuwa wakitawala, na siku zake za mapumziko alizimaliza kwenye vilabu vya pombe.

Wakati huo nchi za Rwanda, Kigezi na Buganda zilikuwa zimekumbwa na mwamko mkubwa wa Wakristo. Mwanzo wake, husemwa, ni mwaka 1929, pale daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa amechoka mwili na roho kwa kazi na njaa kubwa ya Rwanda, alipokwenda Kampala kupumzika, akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, juu ya kilima cha Namirembe. Wakasoma na kuomba pamoja. Mwaka 1935 mwamko ukafika Kabale, makao makuu ya Kigezi. Watu walisimama mbele ya wenzao wakaungama wizi, zinaa na uchawi, wakarudisha mali za watu, wakavunja mitungi ya pombe. Waliitwa Balokole, maana yake waliookoka.

Mwalimu Festo aliwacheka. Jamaa zake wadogo walikuwa wamekwisha kuingia humo na walikuwa wakimwombea waziwazi, jambo lililomtia hasira zaidi. Basi Jumapili moja ya mwaka 1941, akitoka ulevini, alikutana njiani na rafiki yake juu ya baiskeli. Rafiki huyo alikuwa mwenzi wake katika mambo yote ya ovyo. Lakini siku hiyo alishuka, akamweleza kwamba amepata nuru, na akamwomba radhi kwa mabaya waliyokuwa wakiyafanya pamoja. Kisha akapanda baiskeli akaenda zake.

Festo alibaki amesimama kama aliyepigwa na radi. Alifika nyumbani, akajifungia chumbani, akajaribu kumwomba Mungu ambaye hakuwa na hakika kama yupo. Alivyosimulia baadaye, alijiona mtu asiyestahili hata kutazamwa, na papo hapo akaona kwamba anatazamwa kwa upendo, yeye na uchafu wake vile vile. Hakuambiwa ajisafishe kwanza ndipo apendwe.

Mzee wa Kibera aliponisimulia mahali hapa, alinyamaza, akanitazama. Nami niliinamisha kichwa.

DENI LA MAILI 50

Sitaki msomaji adhani kwamba tangu siku hiyo mtu huyu alikuwa malaika. Kilichonivutia kwake ni kwamba alianza upya mara nyingi. Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyemchukia sana, akiishi umbali wa maili 50. Moyo wake haukutulia mpaka alipopanda baiskeli akaenda maili zote hizo, akamweleza ile chuki na kumwomba radhi.

Alioa mke mwema, Mera, wakajaliwa mabinti wanne. Siku moja aligombana naye, kisha akashika njia kwenda kuhubiri. Katikati ya njia dhamiri ikamzuia: utawaambia nini watu juu ya upendo, na mkeo umemwacha jikoni akiwa na machungu? Akarudi, akaingia jikoni, akamwomba mkewe msamaha, ndipo akaenda. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe hadharani mara nyingi, akiwa mtu mzima mwenye jina. Katika nchi zetu, ambako mume kumwomba mkewe radhi huonekana ni kujishusha, hilo si jambo dogo.

Katika miaka ya 1940 walihamia Tanganyika, akafundisha shule ya Dodoma kwa miaka mingi. Huko akazoea Kiswahili. Mwaka 1960 mhubiri mashuhuri wa Kimarekani, Billy Graham, alipozuru Tanganyika, mkalimani wake alikuwa Kivengere. Baadaye alisoma Marekani, akapewa daraja ya kikasisi mwaka 1967 mjini Pittsburgh, na mwisho wa mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi.

SIKU ZA IDI AMIN

Wakati huo Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyepindua serikali mwezi wa Januari 1971. Mwezi wa Februari 1973 wanaume watatu walihukumiwa kupigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Askofu alikwenda kwa Amin kuwaombea, hakusikilizwa. Siku yenyewe, mbele ya maelfu ya watu waliolazimishwa kunyamaza, aliwaendea wale watu ili awafariji, akawakuta wametulia kuliko yeye. Waliuawa mbele ya macho yake. Jeraha hilo hakulisahau.

Tarehe 16 Februari 1977 likaja kubwa zaidi. Maaskofu waliitwa Kampala, wakasimamishwa juani mbele ya silaha walizodaiwa kuziingiza nchini. Jioni wote waliruhusiwa kwenda ila mmoja, Askofu Mkuu Janani Luwum. Kivengere alibaki nje akimngoja, mpaka walipofukuzwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyesadiki.

Jina la Kivengere lilikuwa linafuata. Siku chache baadaye, usiku, yeye na Mera walitembea kwa miguu juu ya milima baridi ya Kigezi, wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Alikuwa na umri upatao miaka 58, na nyuma yake ameacha kila kitu.

Ughaibuni aliheshimiwa. Lakini ndani, kwa maelezo yake mwenyewe, moto ulikuwa unawaka. Kila alipotaja jina la Amin kifua kilikaza. Alihubiri upendo kwa kinywa, na moyo ulikuwa ukikauka. Ndipo mwezi wa Aprili mwaka huo huo, siku ya Ijumaa Kuu, akiwa ameketi kanisani London, akasikia tena habari ya Nabii Isa kuwaombea msamaha waliomtesa. Sisi Waislamu hatuafikiani na Wakristo juu ya msalaba, na hapa si mahali pa mjadala huo. Nasimulia yaliyompata yeye. Alijiuliza: kama Amin angelikuwa mmoja wa askari wale, je, dua ile ingelimwacha nje? Akaona kwamba isingelimwacha. Na kama yeye Festo, mlevi wa zamani, alisamehewa bure, kwa haki gani atamfungia mwingine mlango?

Mwaka huo akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake liliwashtua watu: alisema anampenda Idi Amin. Wengine waliudhika. Hakusema kwamba dhuluma ni halali, wala hakuacha kuilaani. Aliendelea kuwatafutia wakimbizi chakula na karo. Alichokataa ni kumbeba Amin kifuani mwake usiku na mchana. Amin alipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, Kivengere alirudi Kabale, akahimiza watu waachane na kisasi. Na kisasi kilikuwapo: Waislamu wengi wa Uganda, na hasa Wanubi, walisumbuliwa na kuuawa kwa makosa ya mtu mmoja, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire.

KIBERA NA MIMI

Sasa, msomaji, mtazame mzee yule wa Makina. Kibera, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ni mji ulioanzishwa na askari wa Kisudani waliostaafu katika jeshi la Mwingereza, na Amin alitoka katika jeshi hilo hilo, akahesabiwa na wengi kuwa jamaa ya Wanubi. Mzee alimkimbia Amin, akaja kupanga chumba kwa Mnubi, Mwislamu. Aliniambia kwamba miezi ya kwanza alipokuwa akisikia lugha yao uani, mikono ilimtetemeka. Haboba alilijua hilo, wala hakumuuliza neno. Alimpelekea sahani tu, kila Idi.

Nami nilikuwa na moto wangu. Nilifanya kazi ya hesabu mjini, alfajiri hadi usiku, miaka mitatu bila likizo, mpaka nikawa sili wala silali. Katika hali hiyo mdogo wangu wa kiume akafa kwa ajali ya barabarani, katika safari niliyomtuma mimi. Nikaanza kunywa ili nilale. Kazi ikaniponyoka. Nilijichukia hata kioo nikakigeuza ukutani.

Nilidhani kujichukia ndiyo toba. Mzee, kwa kisa cha askofu wake, alinionyesha kwamba sivyo: aliyejihukumu mwenyewe bila rufaa amejifanya kadhi badala ya Mola wake. Nilikuwa nikimfungia mlango mtu mmoja, nafsi yangu. Wala kujihurumia si kujidekeza. Kujidekeza kulinipeleka kilabuni. Kujihurumia kulinipeleka kuoga, kula, kulala mapema, na kumwambia mtu mmoja ukweli kila siku.

Niliacha pombe, nikarudi, nikaacha tena, nikarudi tena. Kila mara mzee hakunikemea. Alipika uji, akaniuliza kama niko tayari kuanza upya. Hakunitaka niingie dini yake hata mara moja. Bali Ijumaa moja alinisindikiza kwa miguu hadi msikiti wa Makina, akaningoja ng'ambo ya barabara mpaka sala ikaisha. Hapo nilikumbuka tuliyofundishwa chuoni, kwamba mja asikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Nilikuwa nimeyahifadhi kwa ulimi tu.

Amin alifia Jeddah mwezi wa Agosti 2003, mgeni katika nchi ya watu. Mzee alikwisha kurudi Kigezi, na Haboba alikwisha kutangulia mbele ya haki.

Leo Mombasa, Malindi na Lamu tunao vijana walioharibiwa na unga. Wengi tumewaficha vyumba vya uani kwa kuona aibu, au tumewatoa nje kabisa. Wao wenyewe wamekwisha kujihukumu kuliko tunavyowahukumu. La kuwaongezea hapo hatuna. Mpelekee sahani, ketini naye, na kesho, akianguka, mpelekee tena.